Farasi Wangapi Hadi Skarvholmen

Pale Grönvik, katikati ya kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi na gati la wageni, kuna benchi jekundu limeegemea ukuta unaopata jua la asubuhi. Wenyewe wanaliita Benchi la Waongo, wala hakuna anayeona haya kuonekana amelikalia. Bandari nyingi za pwani ile zina la kwao, ila la Grönvik lina sheria yake moja ya mdomo, wameirithi kwa babu zao: ukiwa umekaa, ongopa utakavyo, hakuna wa kukuuliza. Lakini mtu akikwambia simama, unasimama, na ukishasimama ni ukweli mtupu. Juzi tu Holger alivua samaki mrefu kama mlango. Akaambiwa simama. Aliposimama samaki akawa wa kiganja, tena wa dukani. Ndiyo maana wazee wa pale hawapendi kusimama. Mvua ikianza wanavuta kofia tu, wanaendelea.

Asubuhi hiyo ya Mei walikuwa wanne. Katikati alikaa Evert, dereva wa basi mstaafu, mwenye thamosi kubwa kuliko zote. Kahawa ya Evert ndiyo saa ya kijiwe: ikiisha, kikao kimevunjika. Watu humwita Farasi, kwa sababu tatizo lolote duniani, liwe la boti, la ndoa au la serikali, yeye huona limekosa nguvu za farasi tu. Kulia kwake alikuwa Gösta, daktari wa meno mstaafu, jina la kijiweni Ganzi. Kushoto Holger, aliyekuwa mtunza kanisa na mpiga kengele, ambaye hajawahi kumiliki injini na anajivunia hilo kama wengine wanavyojivunia wajukuu. Huyo ni Makasia.

Na pembeni kabisa, nusu ya makalio ikiwa hewani, alikaa Sixten Bohlin. Yeye wanamwita Sikio. Maisha yake yote alikuwa akizunguka majumbani na makanisani kurekebisha sauti za piano, na hadi leo akisikia mlango unalia anaweza kukwambia unalia kwa noti gani. Siku hiyo Sixten alikuwa roho juu. Hata andazi lake la mdalasini alikuwa ameling'ata mara moja tu akalisahau pajani.

Sababu ilikuwa injini. Sixten na mkewe Majken wana boti ndogo ya tanga, jina lake Sparven, yenye kijumba cha kulala watu wawili wanaopendana au wembamba. Nyuma yake panatakiwa injini ya kuning'iniza, ya kusukuma upepo ukigoma na ya kuingilia gatini. Ya zamani ilikufa Agosti iliyopita katikati ya mkondo, mbele ya kivuko kilichojaa abiria wenye kamera. Aliyekuja kuwavuta alikuwa Lennart. Lennart ni mjane mwenye boti kubwa nyeupe na meno meupe zaidi, na alisema ili mzigo ukae sawa ni heri Majken ahamie kwake. Basi Majken akaingia bandarini amekaa kwenye mto laini, kikombe mkononi, na nyuma yake, mwisho wa kamba ndefu, Sixten peke yake ndani ya Sparven. Grönvik nzima ilikuwa gatini. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Sasa Majken amezaliwa Skarvholmen, kisiwa cha mwisho kabisa kule nje, baba yake akiwa mtunza mnara wa taa. Kivuko hakiendi huko. Tangu majira ya baridi amekuwa akisema neno lilelile: kiangazi hiki atakwenda kukaa kwenye ngazi ya nyumba waliyokuwa wakiishi, kabla magoti hayajamkatalia. Na juzi mezani, bila kupandisha sauti, akaongeza kwamba Lennart amesema siku yoyote yuko tayari kumpeleka.

Jumamosi kreni inakuja. Chama cha boti hukodi kreni moja kila masika, boti zote zinashushwa majini siku moja, na boti isiyo tayari inabaki juu ya magogo na turubai lake kama kitanda cha mgonjwa. Bror, mwenye duka la injini ng'ambo ya gati, alikuwa amebakiza injini tatu, ya farasi ishirini, ya farasi sita na ya betri, na alimwambia Sixten waziwazi: leo uchague, ukichelewa sipati nafasi ya kukufungia, na saa sita nafunga.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la kanisa.

— Haya Sikio, umeamua? aliuliza Evert, akimimina.

— Karibu.

— Karibu ulisema mwezi wa pili.

— Mwezi wa pili nilikuwa sijazisikia zote tatu.

— Injini haisikilizwi, bwana. Injini inahesabiwa. Chukua ile ya farasi ishirini.

— Evert, Sparven ina urefu wa mita sita na nusu. Ukiitundika ile nyuma, pua itatazama mbinguni.

— Si utamweka Majken puani? Evert alishangaa kwamba mtu mzima hajaliona hilo. Majken mbele, injini nyuma, mambo yamekaa sawa. Mimi na farasi wangu ishirini niliwahi kukivuta kile kivuko chenyewe. Kilikwama kwenye mchanga, kina magari na basi la watalii. Nikafunga kamba, nikavuta kidogo tu, nusu ya nguvu. Nahodha aliangua kilio.

— Kwa furaha?

— Kwa aibu. Alikuwa na farasi elfu mbili, hakujua kuwatumia.

Hakuna aliyemwambia asimame. Ilikuwa mapema mno, na kahawa ilikuwa bado nyingi.

Gösta alifuta kikombe chake kwa leso, kama alivyokuwa akifuta vyombo vyake vya kazi.

— Hebu nisikilize mimi, Sikio, achana na huyu dereva wa basi. Mimi nimetoboa meno ya kijiji hiki chote. Unajua mtu anaogopa nini kwenye kile kiti? Haogopi maumivu. Anaogopa mlio. Ukiondoa mlio, atakupa mdomo mpaka jioni. Na boti ni vivyo hivyo. Chukua ile ya betri.

— Nimeifikiria, alisema Sixten. Wasiwasi wangu ni kwamba inaisha.

— Inaisha kwa wasiojua. Mimi nilikwenda nayo Denmark.

— Denmark kwa betri?

— Kwenda na kurudi. Nikipandisha tanga, boti inakimbia, maji yanaizungusha propela kinyumenyume, umeme unarudi ndani. Nilipofika hapa betri ilikuwa imejaa kuliko nilivyoondoka. Ilifurika, jamani. Ikabidi nichemshe mayai ili kuipunguza.

— Mayai mangapi? aliuliza Holger.

— Trei nzima. Si ulikula mawili wewe?

Holger alifikiri. — Yalikuwa mabichi kidogo, alisema.

Sixten alitikisa kichwa, lakini moyoni alikuwa ameshaanza kuhesabu. Ndiyo shida yake huyu mtu. Anajua wazi amekaa kwenye Benchi la Waongo, anajua Gösta hajavuka mkondo tangu anunue betri ile, na bado neno likitamkwa kwa sauti tulivu linamwingia. Alijiona anaingia Skarvholmen kimyakimya, Majken akisikia ndege wa utotoni mwake. Kisha akaiona betri imekufa nusu ya njia, na kwa mbali, boti nyeupe inakuja na kamba yake. Akashusha pumzi.

— Mnamharibu, alisema Holger. Zamu yake ilikuwa imefika, na Holger hutangulia kwa kukohoa, kazi ya kanisani haijamtoka. Sikio, tatizo si injini ipi. Tatizo ni upepo. Kabla injini hazijaletwa Grönvik, upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma. Muulize yeyote.

— Wote wameshakufa, alisema Evert.

— Walikufa wakiwa na upepo wa nyuma. Siku ile ya kwanza injini ilipowashwa pale gatini, upepo ukageuka, na tangu hapo ukitoka unakupiga usoni, ukirudi unakupiga usoni. Upepo una wivu. Ukimwonyesha kwamba una mwingine, anakununia.

— Kwa hiyo apige makasia mpaka Skarvholmen? Mtu ana miaka sitini na sita? aliuliza Evert.

— Sijasema hivyo. Holger akainama mbele, akapunguza sauti kana kwamba upepo ungesikia. Anunue injini. Aitundike nyuma, ing'ae, ionekane. Ila asiiwashe kamwe. Upepo ukiiona pale imekaa tu inasubiri, utaogopa kupoteza kazi. Utavuma mpaka ukome.

Hata Evert aliona hilo lina kitu ndani yake.

— Basi kama si ya kuwaka, alisema Gösta, anunue gamba tupu. Ni jepesi.

— Upepo si mjinga, Ganzi.

Evert alijaza vikombe tena, na Sixten akasikia sauti ya kahawa ikitoka: ilikuwa imeshashuka noti mbili. Thamosi ilikuwa imevuka nusu. Ng'ambo, mlango wa duka la Bror ulikuwa wazi, na mtu alikuwa akijaribu injini ndani ya pipa la maji. Ilinguruma, ikazimika. Ikanguruma tena. Mteja gani huyo, alijiuliza Sixten. Kama kuna mtu wa bandari nyingine amekuja kuichukua moja, zitabaki mbili, na kuchagua kati ya mbili ni kugumu zaidi, maana hakuna ya katikati.

— Mimi nawaambia, alisema Evert, ambaye hapendi kuachwa nyuma na mtu wa makasia. Kosa lenu lote ni kuiweka nyuma. Mmewahi kuona farasi anasukuma mkokoteni?

— Hapana.

— Basi. Farasi anavuta. Ile injini ya ishirini ifungwe mbele, puani. Iivute Sparven. Na Majken sasa akae nyuma, akistarehe.

— Dakika tano zilizopita ulimweka mbele, alisema Sixten.

— Nilikuwa sijamaliza kufikiri.

— Na maji ya propela si yatamrukia usoni?

— Atavaa koti la mvua. Mwanamke wa Skarvholmen, baba yake alikuwa akila dhoruba na viazi, wewe unamwonea huruma ya matone?

Gösta alisema kama ni hivyo ni heri ziwe mbili, ya betri mbele na ya petroli nyuma, moja ikivuta, nyingine ikisukuma, na boti ikiminywa hapo katikati itapanda juu yenyewe, iteleze hewani bila kugusa maji, isihitaji hata rangi ya tumbo. Holger akasema boti isiyogusa maji haihitaji kreni, basi Sikio amalize Jumamosi yake kwa amani. Evert akasema aliwahi kuiona boti kama hiyo, ilimpita akiwa kwenye basi.

— Wewe mwenyewe Sikio, alisema Gösta, hujatuambia. Masika yote unazurura na kile chuma chako. Umegundua nini?

Sixten alisita. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kile chuma chake cha kupimia sauti, chenye umbo la uma wa mezani. Akakigonga gotini, akakiinua. Kikalia kidogo, kama mbu aliyesoma.

— Nimeigonga Sparven mwilini kila mahali, alisema. Kila boti ina noti yake. Yake ni ya chini kidogo ya hii. Injini ikiwa na noti inayogombana na boti, mbao na bolti zote zinatetemeka, petroli inachafuka, mtu anaumwa kichwa, mke ananuna. Ile ya zamani iligombana nayo miaka yote. Haikufa kwa uzee. Ilikufa kwa sauti mbaya.

Wenzake walimtazama kwa heshima. Uongo wa aina hiyo haukuwahi kusikika pale, na ubaya wake ni kwamba Sixten aliuamini.

— Na hizi tatu? aliuliza Holger.

— Ya ishirini iko juu mno. Ya betri inapiga mluzi mwembamba, huwezi kuusikia ila mbwa wataukimbia. Ya sita... Ya sita inakaribia. Ikizunguka polepole iko sawasawa kabisa. Ukiongeza inapanda kidogo, inaudhi. Kwa hiyo najiuliza kama tukienda polepole muda wote...

— Mtafika Skarvholmen Krismasi.

— Ndiyo najiuliza.

Hapo ndipo baiskeli ilipolia breki mbele yao, na Sixten akajua ni nani kabla ya kuinua macho. Breki za Majken hulia noti mbili kwa pamoja. Amemwomba mara nyingi azitie mafuta, naye hujibu kwamba zinasimamisha.

Majken alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, nywele zake za mvi amezifunga kwa uzi wa kushonea nyavu. Miaka yote hiyo alipita mbele ya benchi lile akienda dukani na kurudi, akiinua kidole kimoja kwenye usukani kama salamu, na hakuwahi kushuka. Leo alishuka. Akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta. Sixten aliona mkono wa sweta lake la kijivu una doa jeusi, refu, la oili, lakini hakupata nafasi ya kuuliza.

— Habari za hapa.

— Salama, shemeji, walijibu kwa pamoja, na wote watatu wakajisogeza kidogo, kama watoto wanaopisha mwalimu.

— Mmeshamchagulia?

— Tunakaribia, alisema Evert. Tulikuwa kwenye suala la wewe ukae wapi.

— Na mmeniweka wapi?

— Mbele. Halafu nyuma. Bado tunajadili.

Majken aliitikia kwa kichwa, polepole. Alimtazama mumewe, na Sixten akalitazama andazi lake. Kisha akawatazama wale wengine mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Hebu simameni.

Kahawa ya Gösta ilisimama njiani kuelekea mdomoni.

— Shemeji, sheria hiyo ni ya watu wa benchi, alisema Holger. Anayetamka sharti awe amewahi kulikalia.

— Baba yangu alilikalia kila alipokuja kuchukua mafuta ya taa, na mimi pajani kwake, wewe Holger ukiwa unalilia pipi pale kwenye dirisha la duka. Simameni. Nina swali moja tu, wala si gumu. Kiangazi kilichopita, kizima, injini zenu ziliwafikisha wapi?

Hakuna aliyesimama.

Shakwe mmoja alitua juu ya kibanda cha samaki, akatembea kwenye paa, wote wakamsikiliza. Evert alianza kulikanda goti lake la kulia.

— Hili goti, alisema. Asubuhi halikunji. Yaani halikunjuki.

— Mimi ningesimama, alisema Gösta, ila nina kikombe.

— Na mimi sina injini, alisema Holger. Swali halinihusu.

— Basi makasia yako yalikufikisha wapi?

Holger alifungua mdomo. Boti ya Holger, kila mtu anajua, imelala kifudifudi nyuma ya nyumba yake tangu mwaka ule paa la kanisa lilipobadilishwa, na binti yake amepanda viazi kuizunguka. Akafunga mdomo. Farasi ishirini wa Evert, kwa mujibu wa wenye macho, walitoka gatini hadi kwenye pampu ya mafuta, wakajaza, wakarudi. Na betri ya Gösta ilikuwa inachajiwa. Iko inachajiwa hadi leo.

Majken hakuwacheka. Alisubiri tu, mikono kiunoni, na jinsi alivyosubiri ndivyo benchi lilivyozidi kuwa refu, hadi pale pembeni Sixten akajiona yuko peke yake kabisa, kama mwishoni mwa ile kamba.

Akasimama. Andazi likaanguka.

Wenzake walishtuka. Yeye hata hakutajwa.

— Hatukufika popote, alisema Sixten. Tulifika katikati ya mkondo.

— Najua. Nilikuwepo.

— Ulikuwepo mwanzoni. Baadaye ulikuwa kwa Lennart. Majken, mimi sijui niseme ipi. Nazijua sauti zao zote tatu, nimezisikiliza mpaka naziota, na sijui. Naogopa kuchukua mbaya. Naogopa izimike tena mbele ya watu, uhamishwe tena, mimi nibaki nimekaa kule nyuma nikitazama kisogo chako. Kwa hiyo kila nikifika mlangoni kwa Bror nageuka nakuja hapa. Hapa angalau hakuna kinachozimika. Na sitaki uende na Lennart. Hilo ndilo la kweli, hayo mengine ya noti sina hakika nayo sana.

Gösta aliangalia viatu vyake. Evert aliacha kukanda goti. Holger, ambaye ameshuhudia harusi nyingi akiwa nyuma ya kamba za kengele, alivua kofia bila kujua.

Majken alimtazama mumewe muda mrefu. Kisha akauinua mkono wenye doa, akaufuta kwenye sketi, haikusaidia.

— Nimetoka kwa Bror, alisema. Nimezijaribu zote ndani ya pipa.

— Ilikuwa wewe?

— Ile kubwa, kamba yake ya kuwashia ndiyo iliyonivuta mimi, nikajikuta nimelikumbatia pipa. Ya betri ni ya kubonyeza tu, nikamuuliza Bror, kwenda Skarvholmen na kurudi? Akasema kwenda utakwenda. Ile ya farasi sita nilivuta mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikawaka.

— Kwa noti gani? alisema Sixten. Lilimtoka tu.

— Ya kuwaka.

Sixten alikubali kwa kichwa.

— Tena nimemwambia Bror aiweke pembeni, ila akusubiri wewe uje useme mwenyewe, maana boti ni yetu wawili. Na jambo lingine. Injini nitaishika mimi. Miaka yote mimi ndiye ninayeruka majabalini na kamba kuifunga boti, wewe umekaa nyuma unanielekeza. Kuanzia Jumamosi utaruka wewe.

— Nitaruka.

— Na viatu vyako hivyo vya kanisani usivivae.

— Sitavivaa.

Jambo lilikuwa limekwisha. Vikao vyote vya masika, farasi wote wale, upepo na wivu wake, mayai ya Denmark, vilikuwa vimekwisha hivyo, kwa mwanamke mmoja na pipa la maji. Wale watatu walionekana wamepigwa na butwaa, na nadhani walikuwa na huzuni kidogo. Sasa watazungumza nini mpaka Septemba?

Majken akazunguka, akakaa pale pembeni palipokuwa pa Sixten. Alikaa vizuri, makalio yote, mgongo ukutani, uso juani. Evert, kwa haraka isiyofanana na mtu mwenye goti, alimkung'utia kikombe chake mwenyewe na kummiminia kahawa iliyobaki. Thamosi ikatoa tone la mwisho, ikanyamaza.

— Hii ndiyo kahawa mnayokunywa? alisema Majken.

— Kuna waliowahi kuvuka bahari kwa kikombe kimoja cha hii, alisema Gösta, akijaribu.

Majken akanywa. Akafumba macho.

— Na habari ya Lennart, alisema, mimi sikuwa na mpango wa kwenda naye hata siku moja. Hata haikunipitia akilini.

Kichwa cha Evert kiligeuka, na cha Gösta, na cha Holger, na wote watatu wakatazama jinsi alivyokaa. Kisha wakamtazama Sixten, aliyekuwa amesimama.

Sixten aliliona vilevile. Alitazama benchi jekundu, akamtazama mkewe juu yake, mikono miwili imekizunguka kikombe, uso mtulivu kama bahari ya Julai.

— Majken, alisema. Simama uyaseme hayo.

Majken hakufumbua macho.

— Kahawa ya moto hii, alisema. Nitaimwaga. Nenda kwa Bror, anafunga.

Sixten alisimama pale kidogo. Kengele ya kanisa ikaanza kupiga saa sita, na ng'ambo Bror alitoka nje na funguo mkononi, akatazama upande wao. Basi Sixten akaenda. Alitembea haraka kwenye gati, akipita boti zilizokuwa bado juu ya magogo, chuma chake cha sauti kikigongana na funguo mfukoni, na hakusikia ni noti gani. Alipofika kwenye mlango wa duka aligeuka mara moja kuangalia.

Majken alikuwa bado amekaa.